Mashine halisi au mashine pepe? Namna ya kuitambua kompyuta usiyoiona

Katika ofisi nyingi za Tanga kuna kompyuta inayojulikana kwa namba tu. Wanaiita "seva ya mahesabu" au "ile ya 192.168.1.10", wanaifungua kutoka mezani, inajibu, na fundi aliyeifunga alishahamia kwingine bila kuacha karatasi. Hakuna anayehangaika nayo mpaka siku inapozidiwa, au siku ofisi inapohama Ngamiani kwenda Chumbageni na watu wanaanza kuhesabu masanduku. Hapo ndipo linapokuja swali: hii ni mashine halisi, yenye sanduku, feni na waya wa umeme, au ni mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta nyingine?

Ukikosea, hasara yake ni ya kweli. Fundi anaweza kupandishwa Lushoto na RAM mfukoni, kumbe mashine anayoifuata ni pepe, imo ndani ya seva iliyobaki hapa hapa mjini, na RAM yake huongezwa kwa kubadilisha namba kwenye skrini. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mtu anazima sanduku moja akidhani anazima kompyuta moja, kumbe humo ndani zimo tano, pamoja na ile yenye stakabadhi za siku nzima.

Tutatumia maneno mawili. Mwenyeji ni mashine halisi iliyobeba nyingine. Mgeni ni mashine pepe iliyomo ndani yake. Programu inayogawa prosesa, RAM na diski za mwenyeji kwa wageni inaitwa haipavaiza. Zinazokutwa sana ni VMware, Hyper-V, KVM, Xen na VirtualBox.

Mgeni hutambulika kwa mashahidi watatu: prosesa inasema nini, kumbukumbu za bayosi (programu ndogo ya kwanza inayowasha kompyuta) zinasema nini, na vifaa vilivyounganishwa vinasema nini. Usitoe hukumu kwa shahidi mmoja. Kila mmoja ana mahali anapopotosha, na tutapaonyesha.

Kwenye Linux: anza na amri moja

Fungua terminali, andika:

systemd-detect-virt

Haihitaji ruhusa ya root, yaani mtumiaji mkuu wa Linux. Ikijibu none, haikuona haipavaiza yoyote. Ikijibu kvm, vmware, microsoft, xen au oracle, uko ndani ya mgeni. Hilo oracle ni VirtualBox. Ukiona wsl, hiyo ni Linux inayoendeshwa ndani ya Windows ya mtu, na mashine ya kuulizia ni ile Windows.

Jibu la qemu litazame vizuri. Maana yake ni kwamba prosesa yote inaigizwa kwa programu, bila msaada wa KVM. Mashine ya namna hiyo hutambaa, na watu huilaumu diski au mtandao bure. Mara nyingi sababu ni kwamba uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe, unaoitwa VT-x kwa Intel au AMD-V kwa AMD, umezimwa kwenye bayosi ya mwenyeji. Uwashe huko, anzisha mgeni upya akiwa amepangwa kutumia KVM, na jibu litageuka kuwa kvm.

Ukiona docker, lxc au podman, uko ndani ya kontena, na kontena si mashine pepe. Halina kerneli yake, yaani kiini cha mfumo. Linatumia ya mashine iliyolibeba. Amri hii hutaja tabaka la ndani kabisa tu, kwa hiyo kontena lililomo ndani ya mashine pepe litakuficha mashine pepe yenyewe. Uliza mara mbili:

systemd-detect-virt --vm
systemd-detect-virt --container

Kama Linux yako haitumii systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za mfumo), sakinisha virt-what na uiendeshe kwa sudo, yaani kwa ruhusa ya root. Hiyo isipoandika kitu chochote, haikuona dalili ya mashine pepe.

Soma kumbukumbu za bayosi

Kila kompyuta hubeba jedwali dogo lenye jina la mtengenezaji, modeli na namba ya mfululizo ya kiwandani (serial number). Haipavaiza nayo humwandikia mgeni jedwali lake. Soma hivi:

cat /sys/class/dmi/id/sys_vendor
cat /sys/class/dmi/id/product_name

Majibu ya kawaida ni haya:

- VMware, Inc. ni mgeni wa VMware.
- innotek GmbH, na chini yake VirtualBox. Innotek ni kampuni ya Ujerumani iliyoanzisha VirtualBox. Ilinunuliwa na Sun mwaka 2008, Sun ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010, lakini jina la kwanza limebaki humo mpaka leo.
- QEMU, na chini yake Standard PC ikifuatiwa na i440FX au Q35. Mwaka 1996 au 2009 unaoonekana mwishoni ni wa chipseti inayoigizwa. Si umri wa mashine, kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba seva ina miaka karibu thelathini.
- Microsoft Corporation, na chini yake Virtual Machine, ni Hyper-V au Azure.
- Xen, na chini yake HVM domU.
- Amazon EC2, Google, DigitalOcean: mashine iko kwenye kituo cha data cha kukodi, wala si mjini Tanga. Kwa Amazon, modeli inayoishia na .metal ni mashine halisi nzima iliyokodishwa kwa mteja mmoja.

Mitego iko miwili. Kompyuta ndogo za Surface nazo zimeandikwa Microsoft Corporation, kwa hiyo jina la mtengenezaji peke yake halitoshi. Soma na modeli. Wa pili unawapata sana watu wetu: kompyuta zilizounganishwa dukani kwa vipuri huandika To be filled by O.E.M., Default string au System Product Name. Maneno hayo si dalili ya mashine pepe. Ni kwamba aliyetengeneza ubao mkuu aliacha nafasi wazi, na aliyeunganisha hakuijaza.

Ukiwa na root, usiishie kwenye jina. Angalia RAM:

sudo dmidecode -t memory

Hapa mashine halisi hujitokeza yenyewe. Utakuta kila nafasi ya RAM imetajwa, kipande kimeandikwa kampuni kama Samsung au Kingston, kina namba yake ya mfululizo, kasi yake kama 2400 MT/s, na nafasi zilizo tupu nazo zimeandikwa kwamba ni tupu. Kwa mgeni wa KVM utakuta mtengenezaji ni QEMU, nafasi inaitwa DIMM 0, na kasi ni Unknown. Tofauti hiyo ni muhimu kwa sababu msimamizi anaweza kuiagiza KVM inakili jina la mtengenezaji na modeli kutoka kwa mwenyeji. Mgeni ataandika Dell au HP kama baba yake. Lakini kinachonakiliwa ni maelezo ya bayosi na ya mfumo tu. Kipengele cha RAM hubaki kimeandikwa QEMU. Ukikuta Dell yenye RAM ya QEMU, umeshapata jibu.

Muulize prosesa, lakini sikiliza vizuri anachosema

lscpu

Tafuta mstari wa Hypervisor vendor. Ukiwepo, pamoja na Virtualization type: full, wewe ni mgeni. Usipokuwepo, prosesa haikutangaza haipavaiza.

Kosa linalofanywa na watu wengi ni kusoma mstari mwingine, ule unaosema Virtualization: VT-x au Virtualization: AMD-V, na kuhitimisha kwamba mashine ni pepe. Mstari huo unasema prosesa ina uwezo wa kubeba wageni. Ni sifa ya mwenyeji, na utaukuta kwenye kompyuta ndogo ya kawaida kabisa. Ikionekana mistari yote miwili pamoja, basi wewe ni mgeni uliyeruhusiwa nawe kubeba wageni wako.

Chanzo cha habari hii ni biti moja. Kwenye prosesa halisi za Intel na AMD, biti ya 31 ya rejista ya ECX, ukiita CPUID namba 1 (amri ya kumuuliza prosesa sifa zake), huwa sifuri siku zote. Haipavaiza huiwasha ili mgeni ajijue. Linux huionyesha kama neno hypervisor kwenye orodha ya flags:

grep -c hypervisor /proc/cpuinfo

Jibu likiwa 0, biti imezimwa. Likiwa kubwa kuliko 0, imewashwa. Msimamizi anaweza kuizima kwa makusudi, na wengi walifanya hivyo miaka ya nyuma kwa sababu draiva za kadi za picha za NVIDIA GeForce zilikataa kufanya kazi ndani ya mashine pepe. Katazo hilo lililegezwa mwaka 2021. Mipangilio ya zamani bado ipo kwenye seva nyingi, kwa hiyo jibu la 0 peke yake halikuhakikishii mashine halisi.

Tazama vifaa

lsblk -d -o NAME,MODEL,SERIAL,SIZE

Diski inayoitwa vda ni ya KVM, xvda ni ya Xen. Jina la sda halisemi lolote. Soma safu ya modeli. VBOX HARDDISK na QEMU HARDDISK havihitaji maelezo. Virtual disk peke yake kwa kawaida ni VMware au Hyper-V. Hata hivyo, seva halisi za Dell zenye iDRAC (kifaa cha kuisimamia seva kwa mbali) zinaweza kuonyesha Virtual CD na Virtual Floppy kwenye orodha hiyo hiyo, na hizo ni za kusakinishia mfumo kwa mbali. Kadi za RAID nazo huunganisha diski kadhaa na kuzionyesha kama moja yenye jina la kadi yenyewe, jambo la kawaida kwenye seva halisi.

lspci hutaja Red Hat Virtio kwa KVM na VMware SVGA kwa VMware. Isipoandika kitu kabisa, usidhani imeharibika: mgeni wa Hyper-V wa kizazi cha pili hana PCI (njia ya ndani ya kuunganishia vifaa) ya kuonyesha.

Kwa anwani ya MAC, yaani namba ya kadi ya mtandao, andika ip link. Tarakimu sita za mwanzo hutaja asili:

- 00:50:56 na 00:0c:29 ni VMware
- 08:00:27 ni VirtualBox
- 00:15:5d ni Hyper-V
- 00:16:3e ni Xen
- 52:54:00 ni KVM

Huyu ndiye shahidi dhaifu kuliko wote. MAC hubadilishwa kwa amri moja. Tena mashine halisi iliyosakinishiwa VMware Workstation au Hyper-V hupata kadi za mtandao za kuigiza zenye anwani hizo hizo. Tazama MAC ya kadi inayobeba mtandao wenyewe, uache hizo za pembeni. Faida yake ni kwamba unaisoma kutoka kwenye ruta bila kuingia kwenye mashine, na ni mahali pazuri pa kuanzia unapokagua mtandao mzima.

Jaribio la taa

Amri zote zilizotangulia ni maneno. Jaribio hili unaliona kwa macho, na linafaa hasa mashine ikiwa tawi la Pangani au Muheza na wewe uko mjini. Mpigie simu aliye karibu na chumba cha seva: "Mjomba, simama nyuma ya seva, penye waya wa mtandao. Taa ndogo pembeni ya tundu inafanyaje?" Akishakaa sawa, andika, ukiweka jina la kadi yako badala ya eno1:

sudo ethtool -p eno1 30

Kwa sekunde 30 taa ya tundu hilo itawaka na kuzima kwa mwendo mmoja, tofauti na kumetameta kwake kwa kawaida. Ana uwezo wa kukwambia ni sanduku la ngapi kutoka juu. Kwenye mashine pepe, mara nyingi utajibiwa Operation not supported. Jibu hilo hutolewa pia na baadhi ya kadi halisi za bei nafuu, kwa hiyo taa isipowaka, endelea na mashahidi wengine. Na ikiwaka, umelipata sanduku. Bado hakikisha huyo si mgeni aliyekabidhiwa kadi halisi moja kwa moja, jambo linalofanywa kwenye seva zenye kazi nzito.

Seva zenye IPMI (mfumo wa kuzisimamia kwa mbali) zina taa maalumu ya kujitambulisha:

sudo ipmitool chassis identify 30

Amri ya sensors nayo ina msaada wake. Mgeni kwa kawaida hana feni wala joto la prosesa la kupima. Ukiona feni inazunguka 4200 kwa dakika na prosesa iko nyuzi 71, hiyo ni mashine halisi, na kwa hewa yetu ya bahari inakuomba ukaifungue: huenda chumvi na vumbi vimeshikamana kwenye bomba la joto, na miguu ya RAM inahitaji kusafishwa kabla haijaanza kukataa kuwaka.

Kwenye Windows

Njia fupi ni Task Manager. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, kisha CPU, usome maandishi ya chini. Mgeni ameandikwa Virtual machine: Yes, na prosesa zake zinaitwa Virtual processors. Mashine halisi imeandikwa Virtualization: Enabled au Disabled, yenye Sockets na Cores. Ni tofauti ya neno moja tu, isome taratibu.

Kwa uhakika zaidi fungua PowerShell:

Get-CimInstance Win32_ComputerSystem | Select-Object Manufacturer, Model, HypervisorPresent

Majina ni yale yale tuliyoyaorodhesha kwa Linux. Maelekezo ya zamani yatakuambia utumie wmic. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 haimo tena, ndiyo maana amri inakataa.

HypervisorPresent ndiyo inayopotosha watu kuliko kitu kingine kwenye Windows. True haimaanishi kwamba wewe ni mgeni. Windows 10 na 11 zina ulinzi wa kerneli unaoendeshwa juu ya Hyper-V, na kwenye kompyuta ndogo nyingi mpya umewashwa tangu kiwandani. Vivyo hivyo WSL2. Kompyuta hiyo iko mapajani mwako, ina betri, na bado itajibu True. Amri ya systeminfo nayo huandika A hypervisor has been detected kwa sababu hiyo hiyo. Ukikuta True na modeli ni HP EliteBook, ni mashine halisi yenye Hyper-V iliyowashwa. Ukikuta True na modeli ni Virtual Machine, ni mgeni.

Namba ya mfululizo humaliza ubishi:

Get-CimInstance Win32_BIOS | Select-Object SerialNumber

Ikianza na neno VMware, imekwisha. Kama ni namba fupi ya mtengenezaji, ilinganishe na karatasi iliyobandikwa chini au nyuma ya sanduku. Zikifanana, mashine unayoifungua umeishika yenyewe.

Mac, na vibao vya ARM

Kwenye Mac andika sysctl kern.hv_vmm_present. Jibu 1 ni mgeni, 0 ni mashine halisi. Kwenye Raspberry Pi na jamaa zake hakuna jedwali la bayosi, hivyo dmidecode itakuangusha. Soma /proc/device-tree/model, itataja kibao kwa jina na toleo lake.

Mashahidi wakipingana

Bayosi ikisema Dell na prosesa ikatangaza haipavaiza, uwezekano ni miwili. Ama ni mgeni aliyenakiliwa jina la mwenyeji, ama ni mwenyeji mwenyewe anayeendeshwa juu ya haipavaiza yake, kama ilivyo Hyper-V na Xen. Kwenye Xen, mfumo unaosimamia wageni unaitwa dom0, na virt-what huutaja kwa jina hilo: xen-dom0. Ukiuona, usizime chochote mpaka uorodheshe wageni kwa sudo xl list. Kwenye Hyper-V amri ni Get-VM, kwenye KVM ni virsh list --all.

Ukishajua ni mgeni, tafuta mwenyeji wake. Hyper-V humwambia mgeni waziwazi, mradi huduma ya kubadilishana data imewashwa:

Get-ItemProperty "HKLM:\SOFTWARE\Microsoft\Virtual Machine\Guest\Parameters" | Select-Object PhysicalHostName

KVM haimwambii mgeni, lakini UUID (namba ndefu ya kipekee ya kila mashine) inafanana pande zote mbili. Isome ndani ya mgeni kwa sudo dmidecode -s system-uuid, kisha kwenye kila mwenyeji unayemshuku tumia virsh domuuid pamoja na jina la mgeni mpaka ifanane. Kwa VMware tafuta MAC ya mgeni kwenye orodha ya mashine katika skrini ya usimamizi.

Andika ulichokipata siku hiyo hiyo. Kwa mgeni: jina lake, IP, haipavaiza na jina la mwenyeji. Kwa mashine halisi: modeli, namba ya mfululizo, chumba, na ni ya ngapi kutoka juu. Jina liandikwe kwenye sanduku lenyewe kwa kalamu isiyofutika, upande wa mbele, na kama ni mwenyeji, andika chini yake majina ya wageni wote. Karatasi ya gundi ya kawaida kwa joto na unyevu wa Tanga haimalizi hata masika moja. Utaikuta sakafuni, nyuma ya kabati, uso chini.